Babu, Njoo Unisimulie Sura Yake

Tarehe 3 Machi

Mjukuu wangu mchumba,

Kabla ya salamu, na kabla mume mwenzangu anayekusomea hajakohoa kusafisha koo, nataka jambo moja lieleweke: wote waliokusimulia habari ya mimi na lile basi wamekosea. Kinyozi amekosea. Mama yako mdogo amekosea, na yeye alikuwepo. Hata dereva mwenyewe akikupigia simu usimsikilize, maana kazi yake ni kutazama mbele na mambo yangu yote yalikuwa nyuma ya mgongo wake.

Sasa salamu. Hujambo? Mtoto hajambo? Ananyonya? Usiku mnalala au mnapokezana zamu kama walinzi? Na mume mwenzangu, huyo mwizi aliyeniibia mke mchana kweupe, hajambo? Soma kwa sauti, bwana, usiruke. Sisi huku wazima. Sukari inapanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea. Mguu uliobaki haujambo. Ule uliokatwa sina habari zake, haujaandika.

Simu sipigi, kwa sababu kwenye simu unanikata kauli. Kwenye barua huna ujanja, utasikiliza mpaka mwisho.

Unanijua mimi ni nani kwenye kushona viti. Barabara hii halijapita basi ambalo sikulishonea viti, na kama lilipita, abiria wake wanaumwa viuno mpaka leo. Kuna mkubwa mmoja alikalia kochi langu kwenye mkutano, akapitiwa na usingizi, wakashindwa kumwamsha, mkutano ukaahirishwa. Haya unayajua.

Basi, hospitali waliponipa kile kiti cha magurudumu, nilikitazama nikacheka. Kitambaa kimoja kimetandazwa kati ya vyuma viwili, basi, ndiyo kiti. Mimi nikalie kombeo? Nikakifumua siku hiyohiyo. Chini nikaweka ubao. Juu ya ubao sponji ngumu, juu yake sponji laini, halafu ngozi bandia nyekundu, vifungo vya shaba vimekaa mstari. Ubao nikaupigilia kwenye vyuma huku na huku usitikisike. Mtaa mzima ulikuja kukiona. Seremala wa ng'ambo ya barabara alikizunguka hakusema neno, na yule ni mtu wa maneno.

Siku ya safari ya kuja kwenu tumefika kituoni, kondakta anataka akikunje akitie kwenye buti. Kikunjike vipi na mimi nimekipigilia ubao? Akavuta. Akaita mwenzake. Wakavuta wawili, mmoja huku, mmoja kule, kama watu wanaogombea mbuzi. Kiti kimetulia kinawatazama. Sasa kinyozi anawaambia wateja eti kiti changu kilikuwa kibovu. Kibovu! Kiti kilikuwa kizima kupita kiasi, hilo ndilo kosa lake. Mwishowe wakakifunga kwa kamba juu ya basi, na mimi nikaingizwa ndani nimebebwa kama gunia. Mume mwenzangu, hapo usisome gunia, soma sultani.

Tukaenda. Kufika mbele kidogo nikaona dereva anaendesha vibaya, nikaamua kushuka. Kwa hiari yangu. Kinyozi anasema nilizimia kwa woga. Mama yako mdogo anasema nilizimia lakini hajui kwa nini. Mimi nasema nilifumba macho nikawaza. Mtu akiwaza sana hulegea.

Kwa hiyo usininunie, mchumba. Safari tena, hapana. Mtoto akipata nguvu mleteni huku. Atanikuta mlangoni, nimekaa kwenye kiti changu chekundu.

Ni mimi babu yako.


Tarehe 19 Machi

Babu yangu, shikamoo.

Mama mdogo hajambo? Kidonda kimefunga vizuri? Unakula kwa wakati, au unakula ukikumbuka? Sisi hatujambo. Mtoto ananyonya kama ameambiwa maziwa yatakwisha duniani. Mume mwenzako alisoma barua yako mpaka pale pa mwizi, akacheka, akaenda kumsomea mama mwenye nyumba.

Naandika mwenyewe. Ofisini wameniruhusu kuja na mashine nyumbani muda huu wa likizo ya uzazi, ile inayotaja kila herufi ninayobonyeza, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa. Ukiona nimekosea ujue tulikuwa tunagombana.

Babu, mimi sioni tangu nizaliwe na nimesafiri peke yangu mara nyingi. Wewe umepoteza mguu juzi, umesafiri mara moja, na mara hiyo moja hukufika. Leo niruhusu mimi niwe babu, wewe uwe mjukuu.

Kiti kwanza. Toa huo ubao. Najua inauma, utoe. Mto unaupenda, basi shona mto unaoweka na kuondoa, ufunge kwa kamba au vifungo, kiti chenyewe kibaki kinakunjika. Vile vikanyagio vya miguu vivue kabla kiti hakijaingia kwenye buti, uvishike wewe. Rafiki yangu wa shuleni, anayetembelea kiti kama chako, alifika safari moja ana kiti kizima na kikanyagio kimoja. Kingine kiliendelea na safari.

Halafu kampuni ya basi wapigie simu mapema, siyo asubuhi ya safari. Usiwaambie "mimi ni mgonjwa", wataogopa. Waambie: siwezi kupanda ngazi, nina kiti cha kukunja, nataka nikae karibu na mlango, na nataka nipande kabla watu hawajaanza kusukumana. Muulize unayeongea naye jina lake. Siku ya safari wote watakuambia hawajui lolote, na hapo ndipo jina linafanya kazi.

Dawa zikae kwenye mkoba, mkoba ukae mapajani. Buti si mahali pa dawa. Beba zaidi ya unazohitaji, maana basi likiharibika njiani sukari haikungojei. Zile za sindano mama mdogo azifunge kwenye kitambaa kilicholoweshwa, zisipigwe na jua la dirishani, na cheti cha daktari kiwe pamoja nazo. Mfukoni uwe na kitu kitamu. Ukianza kutetemeka, kula kwanza, maneno baadaye. Wewe huwa unaanza na maneno.

Na usikubali kubebwa na mtu aliyenyamaza. Mimi watu walikuwa wananishika mkono na kunivuta, hata kunivusha barabara nisiyotaka kuvuka. Siku hizi nawawahi: "Nipe kiwiko chako, nitakishika mimi." Na wewe wawahi. Mmoja nyuma, mikono chini ya kwapa zako. Mmoja mbele, chini ya mapaja. Waambie wainue pamoja, kwa neno lako. Mwili ni wako, fundi wake ni wewe.

Sasa sikiliza kwa nini nasumbuka hivi. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanikalisha juu ya rundo la sponji pale karakana, unanisimulia mtaa. Nani kapita, kavaa nini, kanuna au kacheka. Nimeijua dunia kwa mdomo wako. Sasa nina mtoto na sijui sura yake. Vidole vinaniambia umbo, lakini mtoto hatulii, na vidole havijui yote. Mume wangu nikimuuliza mtoto anafananaje, anasema, "Kama mtoto." Mama mwenye nyumba anasema "mzuri sana", kwa sauti ileile anayoniambia nimevaa vizuri siku niliyovaa blauzi nje ndani.

Na kuna hili. Kliniki, muuguzi alikuwa anaongea mfululizo kama redio. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga. Akanyamaza. Halafu nikasikia viatu vyake na vya mume wangu vinasogea pembeni. Nikauliza kuna nini, wakajibu kwa pamoja, "Hakuna kitu." Babu, mimi naishi kwa sauti za watu. Naijua sauti ya "hakuna kitu".

Kwa hiyo njoo. Unapiga chuku, kila mtu anajua, lakini mbele yangu hujawahi kubabaika. Njoo umtazame, uniambie, usinitilie chumvi.

Swali la mwisho. Mama mdogo anasema walipokushusha kwenye basi midomo yako ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Siku ile ulikunywa maji?

Mjukuu wako.


Tarehe 30 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Hujambo na mtoto? Mume mwenzangu je? Sisi wazima, tunaendelea. Nimechelewa kujibu. Ningesema posta ndiyo mbovu lakini barua yako ilifika upesi.

Lile swali la maji nililisoma mwenyewe, kidole kwa kidole, nikaiweka barua chini ya godoro. Nikailalia wiki zote hizi. Inachoma kama springi iliyotoboa kitambaa.

Mume mwenzangu, hapa shusha sauti. Na mama mwenye nyumba asiwepo.

Sikunywa. Tangu mchana wa siku ya kabla, hata funda moja. Lile basi halina choo. Linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kila mtu na kichaka chake. Sasa mimi? Kondakta anibebe mbele ya basi zima, anishikilie nikiwa vile? Mama yako nilimwogesha mimi. Wewe nilikuogesha mimi. Bibi yako siku zake za mwisho, nani alikuwa anambeba kumpeleka uani? Mimi. Kushika nimezoea. Kushikwa sijui kunaanzia wapi. Nikajiambia, asiyekunywa haendi haja. Hesabu nzuri, sivyo? Nikabaki nayo mpaka nikaona madirisha ya basi yanageuka juu chini.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonishusha. Kinyozi usimwambie. Mwache na woga wake, unamtosha.

Sasa la kiti. Nimekifumua. Nilipong'oa msumari wa kwanza seremala alikuwa amesimama anatazama, akaniambia, "Mzee, unabomoa nyumba yako mwenyewe?" Nikamwambia nyumba isiyopita mlangoni ni kaburi. Neno zuri lile, mwandikie mtu. Kitambaa nimekirudisha, na mto nimeshona mpya, mwembamba, una vishikizo pembe zote. Kiti kinakunjika kama kitabu. Mto unabebeka kama mtoto. Nimejaribu mara nyingi hapa uani mpaka kuku wameacha kushangaa.

Mkoba wa mapajani nao nimeshona, una mifuko, dawa zina chumba chao, cheti kina chumba chake. Kampuni nimewapigia. Aliyepokea ni dada mmoja, nikamuuliza jina, akauliza la nini, nikamwambia nitamwita mtoto wangu atakayefuata. Akalitaja.

Yote nimefanya. Limebaki moja tu na ndilo lililonishinda. Nikinywa, halafu je? Nijibu wewe unayejua.

Babu yako.


Tarehe 8 Mei

Babu yangu mpenzi, shikamoo.

Mtoto anakusalimu, sasa anatoa sauti kama mlango unaohitaji mafuta. Umeamkaje? Miguu, samahani, mguu? Nimejifunza kwako utani huu, usinigombeze.

Nimeisikiliza barua yako halafu nikamwomba mume mwenzako aniachie chumba kwa muda.

Babu, safari yangu ya kwanza peke yangu na mimi sikunywa. Sikuogopa kichaka. Niliogopa macho. Anayeona akijificha anajua amejificha. Mimi nikichuchumaa nitajuaje nani ananitazama? Nikabana njia nzima mpaka nikashuka natembea kama bata. Safari ya pili nikashindwa kubana. Nikamgusa mama aliyekaa jirani nami, simjui, nikamwambia, "Mama, nina shida ya choo, utanisindikiza?" Unajua alinijibu nini? "Afadhali umesema wewe, mwanangu, nilikuwa naona haya kumsimamisha dereva." Tukashuka wote wawili, akanikinga kwa nguo yake, na mimi nikamkinga kwa yangu. Tangu siku hiyo nauliza mapema. Hajakataa mtu bado. Wapo waliochekacheka, lakini waliocheka nao walisaidia.

Kwako ni rahisi kuliko kwangu. Nenda pale hospitali uombe ile chupa ya wagonjwa wa kitandani, yenye kifuniko. Beba shuka la kujifunika kiunoni. Ukikaa dirishani, na mtu wako mwema pembeni, utamaliza kabla hawajajua umeanza. Kabla basi halijaondoka muulize kondakta ni stendi ipi ina choo kisicho na ngazi, mwambie pale utashuka, asije akaguna njiani. Maji unakunywa kidogokidogo, funda kwa funda, siyo jagi zima la mara moja kwa kunikomoa. Na chakula kwa saa zake.

Na safari tuikate katikati. Usije moja kwa moja. Ule mji wa katikati una nyumba ya wageni karibu na stendi, mume mwenzako amewapigia. Umeombewa chumba cha chini. Wanasema mlango ni mpana. Mimi siwaamini watu wanaopima mlango kwa mdomo. Wewe pima kiti chako, uje na futi yako. Kesho yake asubuhi mwizi wako atakuwa hapo kukuchukua, mje wote.

Njoo, babu. Wanasema sura za watoto hubadilika kila mwezi. Nataka hii ya sasa kabla haijapita.

Mjukuu wako.


Tarehe 27 Mei, mchana, nyumba ya wageni

Mchumba,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Barua hii nampa kondakta wa basi linaloondoka sasa hivi kuja kwenu. Itanitangulia kufika, ili nikifika kila kitu kiwe kimeshasimuliwa na mtu anayekijua, yaani mimi.

Nimebebwa kwa amri yangu. Wawili, wamenyanyuka kwa neno langu, nikaingia mlangoni bila kugusa nguzo. Nikawaambia wanishushe, wanipandishe tena, maana mara ya kwanza haikunoga. Wakakataa. Kiti kimekunjwa, kimeingia kwenye buti utadhani kinajipeleka chenyewe. Vikanyagio nimevikalia.

Maji nimekunywa. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mnene mwenye kikapu. Nikahangaika, nikahangaika, mwisho nikamwambia, "Shangazi, nina jambo langu hapa chini ya shuka." Akageuza uso upande wa pili, akasema, "Baba, nimezaa, nimeuguza, nimezika. Fanya yako." Halafu akaanza kuimba kwa sauti ya juu ili asisikie. Basi zima likaitikia. Mjukuu wangu, nimesindikizwa na kwaya.

Mlango wa hapa ni mpana kama nia ya mwenye nyumba, yaani siyo sana. Kiti kimekwama, imebaki upana wa kidole. Mwenye nyumba anasema tangu wajenge hajaja mtu akalalamika. Nikamwambia waliokwama hawakuingia, watalalamikia wapi? Nikachukua bisibisi yangu, nikafungua bawaba, nikaung'oa mlango mzima nikauegemeza ukutani. Kiti kikapita. Leo nalala na shuka mlangoni, na mwenye nyumba ananiita bwana mkubwa.

Kesho nipo kwenu. Mfunge mtoto nepi safi. Nakuja kazini.

Babu yako.


Tarehe 2 Julai

Babu yangu, shikamoo.

Mama mdogo amenipigia, umerudi nyumbani salama, na umeshaanza kuvuruga mtaa. Sukari imekaaje baada ya safari? Kitako hakijachubuka? Sisi hatujambo. Nyumba imekuwa kimya mno. Mtoto anageuza kichwa akisikia gurudumu lolote nje.

Kila siku nairudia ile asubuhi. Ulimweka mapajani karibu na dirisha, ukaniambia nisikuulize mpaka umalize, ukaanzia utosini kama fundi anayekagua kochi. Nywele chache, zimekaa katikati kama zimesahauliwa. Paji pana. Rangi ya kiatu cha kahawia kilichopakwa dawa lakini bado hakijapigwa brashi. Masikio yametoka nje, "yanasikiliza majirani". Pua bado haijaamua. Mdomo wa mume mwenzako, "maskini, lakini mwanamume atazoea". Nilicheka.

Halafu ukapunguza sauti, ukasema: jicho la kushoto, kope yake imelala. Haifunguki yote. Kama pazia lililochomoka kwenye ndoano moja. Ukasema, "Na wewe unayo hivyohivyo, jicho hilohilo, tangu siku niliyokupokea. Mtoto huyu ana uso wako. Ukitaka kujua unafananaje, ndiyo hivi."

Miaka yangu yote, babu. Nilikuwa sijui kwamba nina sura ya kufanana na mtu.

Ndipo mume wangu akafungua mdomo. Ndicho alichoambiwa na muuguzi, ampeleke mtoto kwa daktari wa macho. Akaogopa kuniambia, akidhani nitasema nimemrithisha upofu. Akawa anangoja siku nzuri, na siku nzuri haifiki. Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu chumvi iliisha, nikamtuma dukani, tukaanza kuongea.

Tumekwenda kwa daktari, kama ulivyotuamuru siku ileile. Mtoto anaona. Anafuata tochi, anafuata kijiko, anamfuata baba yake akipita na shati jeupe. Kope wataendelea kuiangalia, na ikimzuia kuona wataiinua. Wanasema ni jambo la kawaida wakiliwahi. Nililala usingizi mzito siku ile, mpaka mtoto akalia mara ya pili.

Na lile la mwisho ulilolisema, doa nyuma ya sikio lake la kulia, dogo jeusi, kama lako. Ukasema ni muhuri wa fundi. Kila nikimnyonyesha naweka kidole pale, namwambia, hapa yupo babu. Halina mwinuko, nikipapasa silipati, kwa hiyo niandikie liko juu au chini ya mfupa. Mume mwenzako nikimuuliza anasema, "Lipo, lipo."

Mjukuu wako anayekukumbuka.


Tarehe 20 Julai

Mjukuu wangu,

Hujambo, mchumba? Mtoto hajambo? Tochi bado anaifuata? Mwambie asifuate kila kinachong'aa, ndivyo mama yake alivyoibiwa. Sisi huku wazima, kitako hakijambo, mto ule una sponji niliyoichagua mimi, unategemea nini?

Kinyozi ameshaanza tena. Anawaambia watu eti nilibebwa kwenda na kubebwa kurudi. Nikamfuata dukani kwake, kiti mpaka ndani, nikamwambia nilibebwa kwa amri yangu, hiyo haiitwi kubebwa. Akaniuliza kama ni kweli niling'oa mlango. Nikamwonyesha bisibisi. Na jirani wa nyuma, yule mzee aliyepooza upande, amekuja kuniuliza anataka kwenda kwa mwanawe, afanyeje. Nimemwambia yote uliyoniambia, chupa, shuka, cheti, jina la anayepokea simu. Nimesema nimevumbua mwenyewe. Hilo utanisamehe.

Sasa mume mwenzangu, soma polepole. Usiruke, na usiseme "lipo, lipo".

Nilimgeuza yule mtoto juu na chini kama kochi lililoletwa na mteja nisiyemjua, natafuta alama ya fundi. Paji lako. Kope yako. Mdomo wa huyu bwana. Masikio sijui ya nani, labda ya upande wa pili, nitawauliza. Changu sikukuta hata uzi. Mzee mzima nimefumua kiti changu, nimekunywa maji, nimekojoa kwa kwaya, nimeng'oa mlango wa watu, nimefika, halafu nisiwemo! Na wewe ulikuwa umenyamaza baada ya habari ya kope, umekaa umeinamisha kichwa, nikaogopa ule ukimya. Nikaona nikuongezee kitu kidogo cha kucheka. Maneno yakanitoka.

Mume mwenzangu alikuwa pale. Alinitazama, akamtazama mtoto nyuma ya sikio, akanyamaza. Usimnunie kwa hili, alikuwa ananisitiri mimi. Mwambie ule wizi nimemsamehe.

Kope ni kweli, masikio ni kweli, ile rangi ni kweli, na kwamba ana uso wako ni kweli kuliko vyote, naapa kwa kaburi la bibi yako. Doa halipo. Haliko juu ya mfupa wala chini, hakuna kitu pale, ni ngozi ya mtoto tu. Lile nililishona mimi.

Ni mimi, babu yako.